Treni ya abiria Malaba hadi Tororo: nani atalipa pengo la nauli?

Mgeni akishuka Busia leo na kuulizia stesheni ya reli, ataonyeshwa stendi ya matatu na kuambiwa apande gari la Malaba. Mji huu uliolipa eneo zima neno bodaboda, kutokana na vijana waliokuwa wakivusha watu kwa baiskeli kati ya kizuizi cha Kenya na cha Uganda, hauna reli. Lakini Kaunti ya Busia inayo. Malaba ya upande wa Kenya imo ndani ya kaunti hiyo, kilomita kama 30 kaskazini ya mji wa Busia. Ukivuka mpaka hapo, kwa safari isiyofika kilomita 20 unaingia Tororo, ambako reli inagawanyika: njia moja inakwenda Jinja na Kampala, nyingine inakwenda Mbale, Soroti, Lira na Gulu hadi Pakwach.

Jiografia hii inafaa kukumbukwa kwa sababu mazungumzo ya reli mpakani petu yamekuwa ya mikopo, makandarasi na upana wa mataruma. Kenya ilitangaza mwaka 2025 kwamba inaendeleza reli ya kisasa kutoka Naivasha hadi Kisumu, kilomita 264, kisha Kisumu hadi Malaba, kilomita 107. Uganda ilitia saini Oktoba 14, 2024 mkataba na kampuni ya Kituruki Yapı Merkezi wa kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, kwa gharama ya Euro bilioni 2.7. Hizo ni habari kubwa na zinastahili kurasa za mbele. Mwenye magunia matatu ya karanga anayotaka kuyafikisha Bungoma kabla jua halijawa kali ana swali jingine: je, mimi nitapanda?

Jibu la kweli ni kwamba hakuna aliyeahidi kulipia safari yake. Reli ya mizigo inaweza kujilipa, au angalau inaweza kuahidi kujilipa. Treni ya abiria ya masafa mafupi, inayosimama kila baada ya vituo vichache na kubeba watu wenye kipato kidogo, kwa kawaida nauli zake hazitoshi kulipia mafuta, wafanyakazi na matengenezo. Pengo linabaki, na mtu fulani lazima alizibe kila mwezi, mwaka hata mwaka. Kujenga reli ni kazi ya mara moja yenye utepe wa kukatwa. Kuziba pengo la nauli hakuna utepe, na ndiyo maana hakuna kiongozi anayelikimbilia.

Tulichojifunza kwa mikono yetu

Si kwamba eneo hili halijawahi kuwa na treni za kuvuka mpaka. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu 1901, na njia ya kupitia Nakuru, Eldoret na Tororo ikafika Kampala 1931. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipoendesha mtandao wote kwa pamoja, mpaka wa Malaba ulikuwa kituo tu njiani. Shirika hilo lilikufa na Jumuiya ya kwanza mwaka 1977. Siasa za marais watatu husimuliwa sana, lakini ndani ya shirika lenyewe ugonjwa ulikuwa wa fedha: mapato yaliyokusanywa katika nchi moja yalikuwa hayafiki makao makuu Nairobi, kila upande ukisema mwenzake ndiye anayedaiwa. Reli ikagawanywa vipande vitatu, na treni ya abiria ya kuvuka mpaka ikawa mtoto wa kambo wa mashirika mawili, la Kenya na la Uganda. Mwishoni mwa miaka ya tisini Uganda ilisitisha kabisa treni za abiria.

Mwaka 2006 serikali hizo mbili zilijaribu dawa nyingine. Zilikodisha reli zao kwa pamoja kwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa miaka 25. Mkataba wa Kenya ulikuwa na mizigo na abiria. Wa Uganda ulikuwa wa mizigo. Kwa maneno mengine, kampuni moja, reli moja, geji moja, lakini abiria alikuwa na haki ya kusafirishwa mpaka Malaba tu. Hakuna aliyekosea kusoma mkataba. Uliandikwa hivyo. Ukodishaji huo ulivunjika 2017, zaidi ya nusu ya muda wake ikiwa bado.

Kabla haujavunjika, ulizaa jambo dogo ambalo wengi wamelisahau na ambalo kwangu ndilo somo kubwa zaidi. Desemba 2015 treni ya abiria ilirudi Kampala, kati ya stesheni kuu na Namanve, baada ya karibu miaka kumi na minane. Iliwezekana kwa sababu Mamlaka ya Jiji la Kampala ilikaa meza moja na Rift Valley Railways, na fedha za umma zikawekwa kufidia nauli. Kampuni ilipoondoka, Shirika la Reli la Uganda liliichukua huduma hiyo. Ilisimamishwa 2023 kupisha ukarabati wa njia, ikarejea mwaka uliofuata. Treni hiyo haijawa kubwa wala ya haraka. Lakini imedumu kuliko mwendeshaji wake wa kwanza, na hilo halikutokana na mabehewa mazuri. Lilitokana na kuwepo kwa chombo cha umma kinachosema waziwazi kwamba safari hizi ni zake na pengo lake ni lake.

Dar es Salaam ilifanya kitu cha aina hiyo Oktoba 2012, treni za mjini za TRL na TAZARA zilipoanza kuchukua wafanyakazi asubuhi na jioni. Watu waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Jina hilo lilikuwa la mapenzi, ila nalo lina onyo: huduma inayobeba jina la waziri inategemea waziri, na mawaziri hubadilishwa.

Nao wanaogawana bili

Hapa ndipo mfano wa mbali unaposaidia. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2008 iliyosema kwamba treni za abiria za shirika la taifa, Amtrak, zenye njia fupi ya maili 750, yaani kama kilomita 1,200, zilipiwe na serikali za majimbo zinakopita. Kuanzia Oktoba 2013 jimbo linalotaka treni linasaini mkataba na Amtrak na kulipa sehemu yake ya pengo kwa kanuni moja inayotumika kwa wote. Jimbo lisilolipa hukosa treni. Indiana ilikata fedha zake, na treni ya Indianapolis hadi Chicago ikafanya safari ya mwisho Juni 2019.

Kisa kinachotuhusu zaidi ni cha treni ya Downeaster, inayotoka Boston katika jimbo la Massachusetts hadi Maine. Maine ndiyo iliyoitaka na ndiyo inayobeba ruzuku. Katikati lipo jimbo la New Hampshire, ambalo treni husimama katika miji yake mitatu, watu wake wanapanda na kushuka, lakini jimbo lenyewe halitoi mchango wa kuendesha treni hiyo. Maine imeamua kwamba ni heri kumbeba jirani kuliko kukosa treni. Uamuzi huo ni wa ukarimu kwa sababu Maine haina njia ya kufika Boston bila kupita kwa jirani.

Sasa weka ramani hiyo juu ya yetu. Reli ya zamani ya geji ya mita inatoka Eldoret, inapita Turbo, Webuye na Bungoma, inafika Malaba, inaingia Tororo na kuendelea Mbale. Geji ni ileile pande zote mbili, kwa hiyo treni ya kieneo isingelazimika kusubiri reli ya kisasa ikamilike. Kipande chake cha Kenya kuelekea Malaba kilikarabatiwa kwa ajili ya mizigo inayotoka Naivasha, na kile cha Tororo hadi Gulu kimekuwa kikifanyiwa ukarabati. Wanaofaidika wangekuwa Uasin Gishu, Kakamega, Bungoma na Busia kwa upande mmoja, Tororo na Mbale kwa upande mwingine. Nani angekuwa Maine na nani New Hampshire?

Chukua mfano wa kubuni. Safari moja inagharimu shilingi 100,000 za Kenya na nauli zinaleta 60,000. Pengo ni 40,000. Tukigawa kwa kilomita, Busia inalipa kidogo sana, kwani kipande cha reli kilichomo ndani ya kaunti hiyo ni kifupi, na Bungoma inalipa mara nyingi zaidi. Lakini Malaba ndiko watu watakakojazana, kwa hiyo Bungoma italalamika, na itakuwa na haki. Tukigawa kwa idadi ya abiria wanaopanda, mambo yanageuka: Malaba itahesabiwa wafanyabiashara wa Bungoma, Kitale, Mbale na Soroti waliopandia pale, na Busia italipishwa kwa watu wasiolala kwake wala kumlipa kodi. Nao wafanyabiashara wa mji wa Busia wenyewe, wanaokatwa ada za soko zinazojaza mfuko wa kaunti, watauliza kwa nini fedha zao zinalipia treni iliyo mwendo wa matatu kutoka kwao. Swali hilo nalo ni la haki.

Naona kanuni inayofaa ni ya kuchanganya: sehemu kwa kilomita, sehemu kwa vituo na huduma vinavyoombwa. Anayetaka kituo cha ziada alipie kusimama kwake. Na katika hesabu ya Busia iwekwe tangu mwanzo gari la kuunganisha, linaloondoka mjini Busia kwa ratiba ya treni na kwa tiketi moja. Bila hilo, msimamo wa mwenye kibanda sokoni Busia kwamba treni hiyo haimhusu ni sahihi kabisa.

Sheria inaruhusu kiasi gani?

Upande wa Kenya, Katiba ya 2010 inaipa serikali ya kitaifa reli, na inaipa kaunti usafiri wa kaunti, barabara zake na usafiri wa umma wa barabarani. Gavana hawezi kuamka asubuhi akanunua treni. Lakini Katiba hiyohiyo, katika vifungu vya 187 na 189, inaruhusu serikali za ngazi hizo mbili kuhamishiana majukumu kwa makubaliano na kuunda kamati au mamlaka za pamoja. Kaunti 14 za Ukanda wa Ziwa, Busia, Bungoma na Kakamega zikiwemo, tayari zina umoja wao wa kiuchumi. Mahali pa kukalia papo.

Upande wa Uganda mzigo ni mzito zaidi. Wilaya hutegemea fedha zinazotoka Kampala, na nyingi huja zikiwa zimeshapangiwa kazi. Halmashauri ya Tororo kuahidi ruzuku ya treni ni kuahidi fedha ambazo haizimiliki. Kwa hiyo usawa wa kaunti na wilaya, unaopendeza kwenye hotuba za ujirani mwema, haupo kwenye daftari la hesabu. Mwenzake halisi wa kaunti ya Kenya katika mkataba huu ni Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ya Uganda pamoja na Shirika la Reli, wilaya zikiwa mezani kusema vituo viwe wapi na treni ipite saa ngapi.

Mkataba wenyewe wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika kifungu cha 91, unazitaka nchi wanachama ziwe na huduma za reli zilizoratibiwa na zinazounganisha nchi hizo. Ni maneno mazuri. Hayasemi nani analipa.

TAZARA inaonyesha hatari ya kuacha jambo hilo likielea. Reli ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ni mali ya Tanzania na Zambia nusu kwa nusu. Kugawana sawa kunasikika kama haki. Kwa vitendo, upande mmoja ukichelewa kutoa fedha, mwingine nao hupata sababu ya kusubiri, na wanaoumia ni wafanyakazi wanaokaa miezi bila mishahara na abiria wanaolala stesheni. Mkataba wa Malaba na Tororo hauna budi kusema nini kinatokea siku ya kwanza ya kuchelewa. Njia moja ni kila upande kuweka dhamana ya miezi kadhaa mahali pasipoguswa, treni ichote humo wakati wakubwa wanabishana.

Fedha mnazotoa tayari

Kuna jambo ambalo wafanyabiashara wanapaswa kulijua kabla ya kuambiwa hakuna pesa. Tangu 2013 Kenya inatoza Ushuru wa Maendeleo ya Reli kwa bidhaa zinazoingizwa kwa matumizi ya nchini. Ulianza na asilimia 1.5 ya thamani, na tangu mwishoni mwa Desemba 2024 ni asilimia 2. Uganda ilianza 2015 kutoza ushuru wa miundombinu wa asilimia 1.5 kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya. Mwenye duka Busia anayenunua vyombo vya plastiki au mitumba iliyopitia Mombasa ameshaichangia reli, awe amewahi kuipanda au la. Gharama hiyo imo ndani ya bei.

Fedha hizo sehemu kubwa zimeelekezwa kwenye ujenzi na madeni yake, na mpango wa Kenya wa kufika Malaba unategemea kukopa kwa dhamana ya makusanyo yajayo ya ushuru huohuo. Makusanyo yakishafungwa kwa miaka mingi mbele kulipa waliokopesha, hakuna atakayerudi kuyaombea pengo la nauli ya Malaba. Kama kuna asilimia ndogo ya kutengwa kwa ajili ya kuendesha treni za kieneo, ni sasa.

Sisemi treni ni dawa ya kila kitu. Probox inaondoka ukijaa, inakushusha mlangoni pa soko, na dereva anakukopesha nauli mkifahamiana. Treni haitafanya hayo. Faida yake ni uzito: behewa la mizigo lililoungwa nyuma ya mabehewa ya abiria, ambapo mama mwenye ndizi, mayai au mukene anasafiri na mali yake kwa tiketi moja badala ya kulipa kiti, kisha gunia, kisha mbebaji, kisha bodaboda wa kuvukia. Treni isiyo na behewa hilo ni ya watalii na watumishi wa ofisi. Na bei lazima ilindwe. Nauli ya kawaida ya Mombasa hadi Nairobi ilipanda Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa sababu ya gharama za mafuta, na abiria hakuwa na pa kukata rufaa. Mkataba wenye ruzuku ungeweka utaratibu wa kupandisha nauli, na notisi yake.

Kuna pia masilahi yanayovutana ambayo hayasemwi hadharani. Kaunti ya Busia hupata mapato kutokana na ada za maegesho ya malori yanayosubiri kuvuka. Kila kontena linalohamia relini ni lori lisiloegeshwa. Kaunti itaombwa kusaidia reli ambayo, ikifanikiwa kwa mizigo, itapunguza mapato yake. Ningekuwa mjumbe wa bunge la kaunti, ningedai treni ya abiria na soko lililo karibu na stesheni ya Malaba kama bei ya kukubali hasara hiyo.

Ukaguzi mpakani ni sehemu rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kituo cha pamoja cha Malaba kinafanya kazi, kama kile cha Busia kilichozinduliwa rasmi na marais wawili Februari 2018. Wakenya na Waganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, na bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani hupita kwa cheti rahisi cha uasili. Kilichobaki ni maafisa kuja stesheni, au kupanda treni kati ya Malaba na Tororo na kumaliza kazi humo, badala ya abiria kushuka na magunia yao kufuata foleni ya malori. Ugumu wa kiufundi utakuja na reli ya kisasa: Kenya inaendesha kwa dizeli, Uganda imepanga umeme. Mabehewa yatavuka, lakini kichwa kitabadilishwa Malaba. Ni vyema kujua leo kichwa hicho ni cha nani na nani anakilipia kikikaa bila kazi.

Mwaka wa fedha wa nchi zote mbili huanza Julai 1. Kwa Kenya, waraka wa sera ya fedha wa kaunti huwasilishwa bungeni kufikia Februari 28, na kabla ya hapo wananchi hualikwa kutoa maoni. Kwa Uganda, wilaya hufanya mikutano ya bajeti kuelekea mwisho wa mwaka. Vyama vya wafanyabiashara wa Busia, Malaba na Tororo vikiingia mikutano hiyo na ombi linalofanana, la behewa la mizigo, gari la kuunganisha na kanuni ya kugawana pengo, ombi hilo litakuwa kwenye karatasi kabla wahandisi hawajaamua stesheni ya abiria ya Malaba iwe na jukwaa la urefu gani, au isiwepo kabisa.